Tiketi unayo, kiti je? Kuweka nafasi kwenye treni za masafa marefu Ulaya

Mtu aliyezoea SGR ya Dar es Salaam–Dodoma au Madaraka Express ya Nairobi–Mombasa anajua kwamba ukikata tiketi, umepata na kiti. Namba ya behewa na ya kiti ziko palepale. Mtu huyohuyo akifika Ujerumani na kukata tiketi ya ICE, treni ya mwendokasi ya huko, kutoka Hamburg kwenda Basel, tiketi inaingia kwenye simu ikiwa na jina lake, muda wa kuondoka na msimbo wa kukaguliwa, lakini namba ya kiti haipo. Halafu anakumbuka kwamba kabla ya kulipa, tovuti ilimuuliza kama anataka kuongeza yuro 5.50 za kiti, naye akapita haraka akidhani anakamuliwa. Akiuliza kwenye kundi la WhatsApp, aliyeko Paris anamwambia bila kiti hupandi, na aliyeko Zürich anasema hajawahi kulipia kiti maishani. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia treni za kwake.

Tuanze kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Tiketi ni haki ya kusafirishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Nafasi ya kiti ni haki ya kukalia kiti fulani, katika behewa fulani, kwenye treni moja ya siku moja. Cha tatu, na hiki ndicho kinachopoteza wengi, ni sharti la treni. Tiketi za bei nafuu za Ujerumani, zile ziitwazo Sparpreis na Super Sparpreis, zimefungwa kwenye treni uliyoichagua. Ukiikosa kwa uzembe wako, tiketi imekufa. Kwa kuwa tiketi inataja treni moja, watu hudhani wametengewa kiti humo. Umefungwa kwenye treni, lakini kiti hujapewa.

Kinyume chake nacho ni hatari. Nafasi ya kiti peke yake si tiketi. Kuna watu wamelipia kiti tu kwenye tovuti, wakaona risiti yenye behewa na kiti, wakapanda kwa amani. Mkaguzi akifika, kwake hao ni abiria wasio na nauli, na Ujerumani malipo ya adhabu huanzia yuro 60.

Kwa nini mifumo inatofautiana hivi? Sababu ni namna kila nchi ilivyoamua kuuza safari. Wafaransa walipozindua TGV, treni yao ya mwendokasi, kati ya Paris na Lyon mwaka 1981, walifanya kila abiria awe na kiti chake kilichoandikwa, na baadaye bei ikawa inapanda kadiri treni inavyojaa, kama ndege. Wajerumani na Waswisi walikwenda njia nyingine. Ujerumani ilianza mwaka 1979 kupeleka treni za Intercity kila saa, na Uswisi ikafuata mwaka 1982 kwa ratiba ya nchi nzima inayojirudia kila saa. Lengo lilikuwa abiria afike kituoni na kupanda treni inayofuata bila kupanga mapema. Ukimlazimisha mtu huyo kuwa na kiti kilichoandikwa, umeua wazo lenyewe. Kwa hiyo ICE ya Ujerumani imebaki kitu cha katikati: ndani ya behewa moja, nusu ya watu wamekaa kama abiria wa basi la mkoani, kila mtu na namba yake, na nusu wamekaa kama abiria wa daladala, aliyewahi kawahi.

Ukishaelewa hilo, nchi zinajipanga zenyewe. TGV na OUIGO za Ufaransa, AVE na ndugu zake za Hispania, Frecciarossa, Italo na Intercity za Italia, Eurostar, treni za mbali za SJ nchini Uswidi, na RegioJet ya Jamhuri ya Cheki: kiti ni lazima na kimo ndani ya bei ya tiketi. Kwa mtu anayenunua tiketi ya kawaida, swali la kuweka au kutoweka nafasi halipo kabisa. Lisilosemwa sana ni kwamba kiti kikiwa lazima, treni inaweza kujaa na mauzo yakafungwa. Jumapili jioni ya mwisho wa likizo, TGV ya kurudi Paris inaweza kuwa haina hata nafasi moja, na huwezi kusema nitasimama tu.

Ujerumani, Austria, Uswisi, Denmark na treni nyingi za ndani ya Cheki, kiti ni hiari. Uingereza pia ni hiari kwa treni nyingi, tena bure. Ukinunua tiketi ya masafa marefu, omba kiti palepale, hulipi senti zaidi. Uholanzi na Ubelgiji, kwenye treni za ndani huwezi kuweka nafasi hata ukitaka, na hakuna haja, maana safari ni fupi na treni ni nyingi. Hali ni hiyohiyo kwa karibu treni zote za mkoa, RE na RB za Ujerumani, Regionale za Italia, TER nyingi za Ufaransa. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kwetu wenye Deutschlandticket wanapojichanganya. Tiketi hiyo ya mwezi ni ya treni za mkoa. Kununua kiti cha ICE juu yake hakuifanyi iwe tiketi ya ICE.

Poland ina utaratibu wake wa ajabu kidogo, na mimi nauona wa haki. Treni za IC na TLK zinataka kiti, lakini viti vikiisha unaweza kuuziwa tiketi iliyoandikwa wazi kwamba huna uhakika wa kukaa. Ukiinunua, umeingia ukijua.

Sasa turudi kwenye nchi za hiari, hasa Ujerumani, maana ndiko swali linapouma. Yuro 5.50 za daraja la pili ni pesa ya mlo wa mkate na chai kituoni. Zinalipa lini?

Zinalipa Ijumaa kuanzia saa saba mchana hadi saa mbili usiku, na Jumapili tangu alasiri. Zinalipa siku za kuelekea Krismasi na Pasaka, siku ya kwanza na ya mwisho ya likizo za shule, na wikendi za Oktoberfest kwa treni za kwenda München. Zinalipa pia ukiwa unapanda katikati ya njia. Hili watu hawalifikirii. ICE inayoanzia Hamburg huwapa wa Hamburg nafasi ya kuchagua. Anayeipanda Göttingen au Kassel anapokea makombo. Kama unapanda kituo treni inapoanzia, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, fika dakika 15 kabla na ubaki na pesa yako.

Safari ya saa moja na nusu, kama Mannheim hadi Köln, unaweza kuivumilia ukiwa umesimama. Saa sita na zaidi za Hamburg–Basel huwezi, na ukiwa na mtoto au mabegi mawili makubwa usijaribu. Familia ina hesabu yake pia. Hadi Juni 2025 kulikuwa na nafasi ya familia kwa bei moja ya pamoja. Iliondolewa, kwa hiyo watu wanne sasa wanalipa yuro 22 kwa safari ya kwenda tu. Bado ningelipa siku ya Ijumaa. Jumatano ningeacha. Tiketi nyingi za daraja la kwanza zina kiti ndani yake tayari, basi kabla ya kulipa angalia tofauti ya jumla kati ya madaraja mawili. Mara nyingine si kubwa kama unavyodhani.

Programu ya simu ya DB Navigator, ya shirika la reli la Ujerumani (DB), inaonyesha makadirio ya kujaa kwa kila treni kwa alama za vichwa vya watu. Ikionyesha treni imejaa sana, iamini. Kwenye treni iliyofurika wahudumu wanaweza kuwaomba wasio na nafasi washuke kabla haijaondoka. Ndiyo hali pekee ambapo tiketi halali isiyo na kiti inaweza kukuacha jukwaani, na si ya kila siku. Siku za kawaida, asiye na kiti anasimama kwenye kijia au karibu na milango, na hakuna anayemfukuza.

Ukiamua kutoweka nafasi, jifunze kusoma viti. Juu ya kila kiti cha ICE, au ubavuni mwake, kuna kioo kidogo chenye maandishi. Kikiwa kitupu, kiti ni cha yeyote. Kikiandikwa “Mannheim – Basel”, usikikimbie, kisome. Maana yake mwenye kiti anapanda Mannheim. Kama wewe unatoka Hamburg na unashuka Frankfurt, kiti ni chako safari nzima, kwa sababu Frankfurt inakuja kabla ya Mannheim. Wageni wengi huona maandishi tu wakapita, wakasimama saa tatu mbele ya viti vitupu.

Maandishi “ggf. freigeben” yanamaanisha kaa, ila uwe tayari kuondoka, kwa sababu kiti hicho kinaweza kuuzwa dakika za mwisho, hata treni ikiwa tayari njiani. Viti vilivyotengewa wasafiri wa mara kwa mara wa BahnBonus unaweza kuvikalia pia hadi mwenye kadi atakapokuja kuomba. Halafu kuna kanuni ya dakika 15: mwenye nafasi asipokalia kiti chake ndani ya dakika 15 tangu treni iondoke kituo alichopaswa kupandia, haki yake imekwisha. Dakika ya kumi na sita kiti hicho hakina mwenyewe, hata kioo kikiendelea kuonyesha jina la kituo. Kanuni hii inakugeukia na wewe: ukishapanda, nenda kwenye kiti chako kwanza, kahawa ya mgahawa baadaye.

Treni za LNER za Uingereza zimerahisisha jambo hili kwa taa. Kijani ni huru, nyekundu imechukuliwa, na njano imechukuliwa kwa sehemu ya safari.

Kwa anayeweka nafasi, kazi haijaisha kwenye kulipa. Ukiwa unachagua, utaulizwa dirishani (Fenster) au kando ya kijia (Gang), ukumbi wa wazi (Großraum) au chumba kidogo (Abteil), eneo la ukimya (Ruhebereich) au la. Usiiachie mashine ichague. Fungua ramani ya behewa na utazame, kwa sababu baadhi ya viti vya “dirishani” vinatazamana na ukuta mtupu kati ya madirisha mawili. Mwenye mtoto mdogo atafute Kleinkindabteil, chumba cha watoto wadogo. Ni vichache na huisha mapema kuliko kitu kingine chochote ndani ya treni. Anayetumia kiti cha magurudumu asitegemee tovuti ya kawaida. Nafasi hizo ni chache, na msaada wa kupandishwa huombwa mapema, siku moja kabla au zaidi.

Jukwaani, tafuta namba ya behewa (Wagen) kabla ya namba ya kiti (Platz). ICE mbili zilizounganishwa zina urefu wa karibu mita 400, na jukwaa limegawanywa kwa herufi kuanzia A. Ubao wa jukwaani na programu ya simu huonyesha behewa lako litasimama herufi ipi. Ukikosea nusu, umekosea kweli: treni mbili zilizounganishwa hazina njia ya kupita ndani kutoka moja hadi nyingine. Tena baadhi ya ICE zinazotoka Berlin kuelekea magharibi huachanishwa Hamm, nusu ikaenda Köln kupitia Wuppertal, nyingine ikapita Dortmund na Essen kwenda Düsseldorf. Aliyekaa kwenye kiti kizuri cha nusu isiyo yake atafika mji asioutaka. Hapa namba ya behewa inakulinda kuliko kiti chenyewe, na kwangu hii ni sababu nzuri ya kulipa yuro 5.50 kwa mtu anayesafiri njia hiyo mara ya kwanza.

Mambo huharibika kwa njia zilezile. Treni inaweza kuja na mabehewa yakiwa yamepangwa kinyume, ya kwanza ikawa ya mwisho. Tangazo hutolewa dakika chache kabla, na jukwaa zima linaanza kukimbia. Vioo vya viti vinaweza kuzimika, kila kiti kikaonekana huru. Nafasi yako inabaki halali, mwonyeshe aliyekaa tiketi yako na useme kwa upole, “Entschuldigung, ich habe hier reserviert.” Wengi huinuka bila neno. Au inaletwa treni ya akiba ya aina nyingine isiyo na behewa namba 27 kabisa. Hapo nafasi yako imeyeyuka, kaa popote, kisha dai ada ya kiti kwa fomu ya haki za abiria.

Ukikosa treni ya kuunganisha kwa sababu ya kwanza ilichelewa, tiketi yako inaendelea kufanya kazi. Kwa tiketi nafuu za Ujerumani, sharti la treni huondoka ikitarajiwa utachelewa dakika 20 au zaidi kufika mwisho wa safari. Kiti hakikufuati. Kiti cha treni iliyokwisha kuondoka kimekwenda nayo, na kwenye treni inayofuata wewe ni abiria wa kusimama kama wengine, isipokuwa ukiweka nafasi upya kwa simu kabla haijaingia. Ada ya kiti ulichokikosa inarudishwa, ila hairudi yenyewe, lazima uidai.

Na kuna uvumi kwamba asiyekuwa na kiti kilichoandikwa hana haki ya fidia. Si kweli. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, inayotumika tangu Juni 2023, inatazama tiketi na ucheleweshaji: asilimia 25 ya nauli ukichelewa dakika 60 hadi 119, asilimia 50 kuanzia dakika 120. Zipo hali za dharura ambapo kampuni husamehewa, lakini kiti hakimo kwenye hesabu hiyo.

Sehemu yenye maumivu ya mfuko ni ya wenye pasi za kusafiri nchi nyingi. Interrail ni ya wanaoishi Ulaya, Eurail ni ya wanaoishi nje. Kinachoangaliwa ni makazi, si rangi ya pasipoti. Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani ananunua Interrail, na binamu yake anayetoka Tanga kumtembelea ananunua Eurail, na wote wanapanda treni zilezile. Pasi inachukua nafasi ya tiketi. Haichukui nafasi ya kiti. Kwa hiyo kwenye nchi za kiti cha lazima, mwenye pasi analipia kiti peke yake: takribani yuro 10 hadi 20 kwa TGV ya ndani ya Ufaransa, zaidi ya yuro 10 kwa Frecciarossa, na yuro 30 au zaidi kwa Eurostar kati ya London na Paris. Familia ya watu watano wakivuka Ufaransa, Hispania na Italia, viti vinaweza kufikia bei ya pasi nyingine.

Tena viti vya wenye pasi kwenye Eurostar na TGV za kimataifa vina idadi maalumu. Vikiisha vimeisha, hata kama treni ina viti mia vinavyouzwa kwa bei kamili. Hizo ziwekwe mapema kabla ya kitu kingine chochote, ndipo safari iliyobaki ipangwe kuzizunguka.

Njia ya kukwepa ipo kama una muda. Milano hadi Venezia kuna Regionale zisizotaka kiti. Marseille hadi Nice kuna treni ya mkoa inayopita ufukweni, nayo haitaki kiti. Uswisi, Austria na Ujerumani unaweza kuzimaliza bila kulipia kiti hata kimoja, ukiacha treni za watalii kama Glacier Express na Bernina Express, ambazo kiti chake ni lazima na hulipiwa pembeni.

Kwa treni za Ulaya ya Kati, mwenye pasi anaweza kununua kiti kwenye tovuti ya DB kwa kuchagua “Nur Sitzplatz”, yaani kiti tu bila tiketi, au kwenye tovuti ya ÖBB ya Austria. Ndilo chaguo lilelile linalowaponza wasio na pasi niliowataja juu.

Treni za usiku za Nightjet nazo hazina hiari. Unachagua kiti katika chumba cha watu sita, kitanda cha pamoja, au chumba cha kulala, na tofauti ya usingizi kati ya cha kwanza na cha pili ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Kitanda huisha wiki nyingi kabla kwa Ijumaa za kiangazi, kwa hiyo nafasi zikishafunguliwa usingoje. Na kwa Eurostar, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akumbuke kwamba ukaguzi wa mipaka yote miwili, ya Ufaransa na ya Uingereza, hufanyika kabla ya kupanda, pale Gare du Nord mjini Paris au St Pancras mjini London. Milango hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka, na kiti ulichokilipia bila viza ya upande wa pili kitasafiri kitupu.